Daftari la Kuku Sitini

Shemeji yake mwanamke huyu, fundi seremala, alikuwa na mdomo mchafu kuliko banda la kuku, na banda lenyewe ndilo alilokuwa akilimezea mate. Alitaka kulifanya stoo ya mbao zake. Kila asubuhi alipita mlangoni, akachungulia, akajipigisha chafya ya uongo, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Profesa, leo simu imetaga mangapi?"

Profesa ndilo jina alilompachika siku alipogundua kwamba mke wa kaka yake anasoma kwenye simu. Kozi ya kuendesha shamba dogo kibiashara, masomo manane, kazi ya mwisho, cheti, na yote bure. Seremala alicheka mpaka akakohoa. "Bure? Nani akufundishe bure, wewe ni nani?"

Mama mkwe hakucheka wala hakusema, aliguna tu. Lakini mguno wa yule mama, jamani, ulikuwa na matusi mengi ndani yake kuliko barua ya kurasa mbili. Mume peke yake, fundi wa kupaka rangi majumba, ndiye aliyekuwa mpole. "Soma, mke wangu," alimwambia kila usiku akimvutia shuka. "Waache wabwate. Mimi nipo." Na yeye akalala usingizi mzuri, kwa sababu hiyo moja tu, kwamba mume wake yupo.

Kuku walikuwa sitini, wote wa mayai. Kila Jumanne na Alhamisi saa nne alikwenda kukaa kwenye ngazi za maktaba, maana pale intaneti haikulipiwa, akarudi saa saba. Mwalimu wa kwenye video alikuwa mama mwenye miwani aliyeongea kana kwamba wanafunzi wote duniani wamemuudhi. Katika somo la nne aliwataka waandike kila siku chakula, maji na mayai, na pembeni kabisa waandike lolote lililotokea nyumbani. "Hata kama unaliona la kipuuzi!" alifoka. "Mvua imenyesha, mgeni kaja, mtu kasafiri, andika!" Mwanamke akanunua daftari, akaandika.

Sasa, kiwanja kilikuwa cha mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ametoa miezi mitatu. Kuku wakishindwa kujilisha wenyewe, wanauzwa, na banda linakwenda kwa seremala. Miezi ikaisha. Jumapili mchana wakaketi sebuleni, mama mkwe kwenye kochi, wanawe wawili huku na huku, na yeye kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mama, mimi sina maneno mengi," alianza seremala, ambaye hajawahi kuwa na machache. "Hawa kuku wanakula kama wanalipwa kula. Mayai hakuna. Wamezeeka, au wanamsubiri Profesa amalize shule ndipo watage."

Mwanamke akainuka. Akatoka, akarudi na kuku kwapani, akamweka juu ya meza ya mama mkwe, kwenye kitambaa cheupe ambacho hata kikombe hakiruhusiwi kukigusa.

"Toa mdudu wako hapo!"

"Nitamtoa, mama. Kwanza niazime vidole vyako." Akaushika mkono wa mama mkwe, akaupeleka nyuma ya kuku, chini ya mkia. "Gusa mifupa hii miwili. Katikati yake vinaingia vidole vingapi?"

Mama mkwe alikunja uso kama aliyelambishwa dawa. Lakini aligusa. "Vitatu."

"Kuku aliyeacha kutaga, hata viwili havipenyi vizuri. Nimewapima wote sitini, mmoja mmoja, na wote wanataga. Sasa mniambie mayai yanakwenda wapi."

Akafungua daftari. Siku za kawaida, mayai arobaini na nane, arobaini na tisa. Jumanne na Alhamisi, thelathini, ishirini na tisa. Wiki tano mfululizo. "Kuku wangu wana kalenda?" aliuliza. "Wanajua mimi nipo maktaba? Na wiki iliyopita maktaba ilifungwa Alhamisi, nikaenda Jumatano. Jumatano ile yakawa ishirini na nane. Alhamisi nipo nyumbani, arobaini na tisa!" Akamgeukia seremala, akamnyooshea kidole mpaka puani. "Mwizi wangu ni wewe."

Seremala aliruka kama amekalia msumari wake mwenyewe. "Mimi? Mimi nikuibie mayai? Nikitaka banda lako nitalibomoa mchana, watu wakiniona!" Kisha akatulia ghafla. "Hebu rudia. Jumatano ya wiki iliyopita?"

"Ndiyo hiyo."

"Wiki iliyopita mimi nilikuwa safarini, kwenye shule moja, napachika milango! Nimeondoka Jumatatu, nimerudi Ijumaa. Mama, si ulinifungia nguo wewe mwenyewe?"

Mwanamke aliteremsha macho kwenye daftari. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, paliandikwa: Shemeji kasafiri, nyumba imetulia.

Akahesabu waliobaki nyumbani. Mama mkwe magoti yake mabovu, kizingiti cha banda hawezi kukivuka. Na habari ya kwamba angekwenda Jumatano badala ya Alhamisi alimwambia mtu mmoja tu, kitandani, shuka likivutwa.

Mume wake alikuwa akikwangua rangi kwenye kucha.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, na safari hii hakuguna. "Jibu."

"Kazini wananiita Bwana Kuku," alisema mume, kwa sauti ile ile ya upole. "Nilitaka jambo life lenyewe, polepole, bila ugomvi. Ningekubembeleza, mke wangu. Ulipokwenda maktaba nilichomoka kazini, mayai nikampelekea mwenye duka pale barabarani."

Angalau angepiga kelele! Mwanamke alitamani matusi, alitamani hata kofi, apate cha kurudisha. Seremala alimchukia mchana kweupe. Huyu alimchukia huku anamfunika asipate baridi, na hilo lilimuuma mpaka akashindwa kulia.

Akamchukua kuku wake mezani. "Ufunguo wa banda," alisema. Mume akautoa mfukoni, akaushusha mkononi mwake bila kumtazama.

"Banda linabaki lako," alisema mama mkwe, akikikunja kitambaa chake kilichochafuka. Hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa hivyo.

Seremala alimfuata hadi uani, akasimama, akakuna kichwa. "Huenda kachonga ufunguo mwingine. Kufuli jipya ninalo."

"Lete."

"Nakuuzia, Profesa. Sikupi."

Jioni ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma kazi ya kozi, ambayo wanafunzi husahihishiana wao kwa wao. Swali la mwisho lilitaka utaje hatari kubwa kuliko zote katika shamba lako. Yeye alikuwa amejibu zamani: kicheche anayekamata kuku. Akafuta. Akaandika: mume wangu.

Jumanne, kwenye ngazi za maktaba, alikuta amepewa alama zote. Aliyesahihisha alikuwa mtu asiyemjua, wa mahali asipopajua, na chini alikuwa ameacha maneno machache: "Kwangu ni kaka yangu. Wewe umefanyaje?"

Kisha akajibu: "La banda nimebadilisha kufuli. La chumbani bado nafikiria."