Alama Moja kwa Akamwani

Mwenye makosa ni Daktari Novath. Kila Jumatatu anakula ndizi na maharage kwenye mgahawa wangu pale Nkwenda, na Jumatatu moja alimaliza sahani akabaki amekaa.

"Mama Joviness, hospitali inapima ubora wa miongozo yetu ya upasuaji. Tunatakiwa tuwe na mwakilishi wa wagonjwa. Wewe umepasuliwa mara mbili."

"Na mdomo ninao."

"Huo ndio tunaoutaka."

Nilikubali kwa ajili ya mdogo wangu Elpidius, wa Igurwa. Alikuwa na ngiri. Mara mbili alilazwa, mara mbili akarudishwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, faili limeandikwa: mgonjwa amekula. Na mwongozo ulisema akivunja masharti mara ya tatu anaanza foleni upya. Foleni ilikuwa miezi mitano, na yeye hata mkungu wa ndizi hawezi kuunyanyua. Zamu yake ya tatu ilikuwa Jumatano. Kikao chetu, Jumanne.

"Dada, sikula," aliniapia. "Haki ya Mungu sikula."

Sikumwamini. Nkwenda nzima walishasema Elpidius anaogopa kisu, anajilisha makusudi. Na kusema kweli, habari hiyo ilianzia kwenye meza zangu.

Kikaoni tulikuwa wanne: Daktari Novath, Sista Restuta wa wodi ya upasuaji, Jovitus wa famasi aliyekuwa katibu, na mimi. Jovitus anasoma swali, sisi tunatoa alama, moja hadi saba. Moja ni mbovu, saba safi.

"Maandalizi ya mgonjwa yameelezwa yakaeleweka?"

"Saba," alisema Sista Restuta. "Imeandikwa asile chochote kuanzia saa sita usiku. Nani asiyeelewa hapo? Labda mdogo wako, Mama Joviness."

Wakacheka. Nikacheka nao, uso unawaka. Ili tusigombane nikafungua kifurushi changu cha jani kavu la mgomba, nikapitisha akamwani, ile kahawa inayochemshwa na maganda yake ikakaushwa, ambayo kwetu mgeni anapewa atafune hata kabla hajasema kilichomleta. Kila mmoja akachukua punje zake.

"Mwongozo ulipitiwa upya lini?"

Daktari alikohoa. "Tuliuchukua ulivyo kutoka nje, miaka kumi na minne sasa. Siku hizi maji matupu yanaruhusiwa hadi saa mbili kabla ya upasuaji."

"Na nyie mnatukausha tangu usiku hadi mchana!"

"Alama mbili," alisema Daktari, akiangalia karatasi.

Sista Restuta akatazama saa. "Tumalizeni, jamani. Tangu asubuhi sijaweka kitu mdomoni." Huku taya linakwenda.

"Sista, unatafuna nini?"

"Hii? Si akamwani yako?"

"Kwa hiyo umekula."

"Nimekula nini? Akamwani nayo ni chakula?"

Daktari Novath aliacha kutafuna. "Jovitus, hebu lete faili la Elpidius."

Likaletwa. Mtaalamu wa usingizi, bwana mmoja wa Singida, alikuwa ameandika: mabaki ya mbegu mdomoni, mgonjwa amekula. Mara zote mbili. Na Elpidius alipoulizwa kama amekula, alijibu hapana kwa moyo mweupe, akaonekana mwongo.

"Mdomoni ni heshima," Daktari alisema polepole, "lakini tumboni ni chakula, tena kigumu."

Jovitus akasoma swali lililofuata kwa sauti ndogo. "Walioandika waliuliza maoni ya wagonjwa?"

"Moja," nilisema. "Sifuri ingekuwepo ningeiomba."

"Moja," alisema Sista Restuta, wala hakucheka.

Jovitus akaandika mstari mpya: mgonjwa asitafune akamwani, hata akiletewa na mgeni.

Kuandika ni rahisi. Wakwe wa Elpidius walikuwa wanakuja asubuhi kutoka Kiruruma kumwona, na akamwani zao, kama zile mara mbili, na mkwe anayekataa akamwani ya wakwe amewakataa wao wenyewe. Basi Jumatano saa moja nilikuwa nimeshakaa kando ya kitanda.

Wakaingia sita, kila mmoja na kifurushi chake. Mama mkwe, Nyirabahire, akanyoosha kifurushi. Mkono wa Elpidius ukainuka wenyewe. Nikaupiga kofi.

"Shikamoo, mama. Yake leo napokea mimi."

"Marahaba. Anatukataa?"

"Hospitali imekataza, mama. Akitafuna hapasuliwi, anarudi nyumbani tena."

Akanipima juu mpaka chini. "Haya. Basi zitafune zote, tukuone."

Nikazitafuna. Vifurushi sita.

Yule bwana wa Singida akaja na tochi. "Amekula?"

"Hajala, hajatafuna, hajapokea."

Akamulika meno yote, akaguna, akamsukuma Elpidius kwenda ndani. Safari hii mlango ulifungwa nyuma yake.

Saa sita alirudishwa ameshonwa, anakoroma. Mimi kukaa nimeshindwa. Nilifagia wodi, nikatandika vitanda visivyonihusu, nikatangaza kitanda hadi kitanda kwamba Elpidius hakuwahi kuogopa kisu, ni mimi niliyemzushia. Sista Restuta akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo.

"Mia na kumi na nane. Aliyepasuliwa ana sabini!"

"Andika kwenye faili, Sista," nilimwambia. "Mgonjwa hajala. Aliyekula ni dada yake."