Haitakiwi na Nani?

Shangazi alipounganisha vipimo vya mvua vya shule saba kuwa faili moja, aliniita ofisini kwake nimsaidie kufagia. Si sakafu, faili.

"Kila shule imeleta takataka zake," alisema. "Aina ya simu, rangi ya ndoo, sijui nini. Ondoa maelezo yasiyotakiwa, Bi Mvua."

Bi Mvua ndiye mimi. Shuleni nashika ufunguo wa uzio wa kipima mvua, cheo kitukufu kinachonisamehe kufagia bweni kila asubuhi. Nikainamisha kichwa kama niliyekabidhiwa taifa.

Nikafuta aina ya simu. Nikafuta rangi ya ndoo. Nilipofika kwenye saa ya kuingiza kipimo, nikaondoa kidole kwenye kitufe. Vipimo vyangu vya siku kumi na moja viliingizwa vyote Jumapili moja, saa nne na dakika sita. Nilivitunga kitandani, tena kwa ufundi: siku mbili kavu, tatu za manyunyu, zilizobaki mchanganyiko.

Nikautazama mgongo wa shangazi. Kwa nini aniite mimi, si binamu yangu anayeijua kompyuta? Na mbona chai yake imepoa hajaigusa?

Nikafuta saa.

"Umefuta saa?" aliuliza bila kugeuka.

"Haitakiwi, shangazi."

"Haitakiwi na nani?"

Nikacheka kicheko cha mtu asiye na hatia. Hakunisaidia kucheka. Chini ya faili, programu, ambayo shangazi alinifungulia kwa jina langu hilo la utani, ilikuwa imeandika: "Saa imeondolewa na Bi Mvua." Nikaufuta mstari huo. Ikaandika: "Historia imeondolewa na Bi Mvua." Nikafuta tena. Ikaandika tena. Mara ya nne niliamini inanifanyia kusudi.

"Unagombana na kompyuta, mwanangu?"

Alikuwa amesogea pembeni. Sasa niliiona skrini yake: faili la awali, na siku zangu kumi na moja zimepakwa rangi ya njano. Inaelekea tangu asubuhi.

"Siku hizi kumi na moja, mvua ilinyesha?"

"Sijui, shangazi."

"Basi andika hivyo hivyo. Ripoti ina jina langu."

Nikaandika "haijulikani" mara kumi na moja. Kisha akakinga kiganja. Nikautoa ufunguo mfukoni taratibu, kama ling'olewavyo jino.

"Bwenini mna mafagio ya kutosha?"

"Moja halina mpini," nilisema. "Hilo ndilo langu."