Sindano Kwenye Kilomita ya Kumi na Tisa

Saa mbili na dakika tano asubuhi, pikapu ilipotoka mjini Wote, sindano ya kupima joto la injini ilisimama chini kidogo ya nusu. Hodan aliandika hivyo katika daftari lililokuwa juu ya goti lake.

"Mwalimu, hata nikikohoa utaandika?" dereva wake, Musyimi, aliuliza, macho barabarani.

"Ukikohoa na sindano ipande, nitaandika."

Hodan alifundisha fizikia miaka sita kabla ya kurithi biashara ya mbuzi ya baba yake kule Mutomo. Pikapu ilikuwa yake, ingawa ni bodi tu iliyobaki jinsi ilivyotoka kiwandani. Injini ya petroli ilikuwa imeng'olewa, ikafungwa ya dizeli. Nyuma palichomelewa kizimba cha chuma. Kwa kuwa dashibodi ya zamani haikuelewana na injini mpya, fundi aliongeza geji ya joto pembeni, yenye taa nyekundu ambayo, ikishawaka, haizimi mpaka injini izimwe. Hodan mwenyewe aliweka sheria: ikiwaka, simama nusu saa.

Katika wiki tano ilikuwa imewaka mara nne. Zote nne Musyimi alikuwa peke yake na mzigo, na zote nne ilikuwa kilomita ya kumi na tisa kutoka Wote, kwenye mlima wa kwenda Kikima. Mara ya mwisho mbuzi wawili walifia juani. Radieta ilizibuliwa, thamostati ikabadilishwa, feni ikapimwa, hakuna kasoro. Injini iliyochoka huchemka popote penye mlima. Haichagui kona. Anayechagua kona ni dereva.

Kwa hiyo alitaka kila kitu kifanane na safari zile: mbuzi kumi na sita, saa ileile, dereva yuleyule. Kilichoongezeka ni yeye tu.

"Isipowaka nikiwepo," alikuwa amemwambia, "utaniachia ufunguo, utafute kazi kwingine."

Musyimi alikubali. Nyumba yake ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha, na ukuta wote ulitokana na mshahara wa pikapu hii.

Kilomita ya kumi na tano, sindano ilikuwa nusu. Ya kumi na nane, nusu. Ya kumi na tisa Musyimi alikata kona kimya, akitazama mbele tu kama mtu anayepita kwa anayemdai.

"Simama."

Hodan alifungua boneti, akaelekeza kwenye injini kipimajoto cha mkono, kile cha umbo la bastola. Digrii themanini na saba. Geji nayo ilisema hivyo hivyo.

"Haikuwaka."

"Nimeona, mwalimu."

"Ufunguo."

Musyimi aliuchomoa, akamwekea mkononi. Ndipo mwanamke mwenye beseni la avokado alipovuka barabara akija kwao.

"We Musyimi! Leo unanipita kama mtu wa kodi? Honi imepotelea wapi?" Akamwona Hodan. "Aiee. Habari ya asubuhi, mama. Mimi ni Kavata, nauza hapo."

"Honi gani?" Hodan aliuliza.

"Si hiyo ya kuimba. Akifika kwa kona anapiga, mimi naweka chai. Halafu gari inachemka, anakunywa." Kavata alicheka.

Honi ile ya upepo iliachwa na mwenye gari wa kwanza. Hodan alikuwa amemkataza Musyimi kuipiga kwa sababu mbuzi hushtuka na kukanyagana.

"Ulijua ndiyo inayowasha taa?" alimgeukia Musyimi.

"Hapana. Nilidhani ni mlima."

Hodan aliandika: *Anasema hakujua.* Akampa ufunguo.

"Washa. Piga."

Honi iliimba, mbuzi wakarukiana kizimbani. Wimbo haujafika katikati, sindano ilikuwa imeruka kwenye nyekundu na taa ikawaka. Hodan alipima tena injini. Themanini na saba.

"Maji hayapandi digrii thelathini kwa sekunde moja," alisema.

Aliinama chini ya dashibodi na tochi ya simu. Waya mweusi wa geji, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi, ulikuwa umebanwa pamoja na wa honi chini ya bolti moja yenye kutu. Pampu ya honi ilipovuta umeme, geji ilikosa njia na kusoma uongo. Alilegeza bolti kwa spana namba kumi, akakwangua rangi pembeni, akaufunga waya wa geji peke yake.

"Kwa hivyo si mimi," Musyimi alisema.

"Taa si wewe. Mbuzi wawili ni wewe. Uliwaacha juani ukaenda chai."

Musyimi alitazama viatu vyake.

"Ni kweli."

"Sasa nitajuaje umefika?" Kavata aliuliza.

"Atashuka akuite," Hodan alisema, "akishashusha mbuzi wangu Kikima."

Saa tatu na dakika kumi na mbili, injini ikiwa imewashwa upya, Musyimi alipiga honi kwa amri ya Hodan. Wimbo ulikwisha wote. Sindano haikusogea. Hodan alichomoa fyuzi ya honi, akaitia mkobani, akauacha ufunguo kwenye swichi, mbele ya Musyimi.