Chambo Kisicho na Ndoana

Tello Barrientos alikuwa amepanga vyambo vyake juu ya meza ya jikoni tangu kabla ya kahawa, na Ofelia mkewe hakuwa na pa kuweka sufuria ya maharage. Vyambo hivyo si minyoo wala vipande vya nyama. Ni samaki wa mti, wa mwerezi, kila mmoja mrefu kupita kiganja cha mtu mzima, amekatwa viungo kiunoni ili akivutwa majini ajinyonganyonge kama samaki wa kweli. Tello ndiye mchongaji, Ofelia ndiye mpakaji rangi. Kazi hiyo waliianza Tello alipostaafu kwenye machimbo ya kokoto, na wavuvi wa bonde lote wakawa wanawajua kwa kazi ya mikono yao.

"Toa hivi vitu, mzee. Nataka kulia chakula kwenye meza yangu."

"Ngoja kwanza. Nachagua."

"Unachagua tangu juzi. Hata mimi wakati unanioa hukuchagua hivyo."

"Wewe ulikuwa peke yako pale dansini."

"Mwongo mkubwa! Tulikuwa wengi, wenzangu ndio walikukimbia. Haya, mke mwenzangu anataka kuvaliwa rangi gani leo?"

Siku nyingine Tello angecheka. Leo aliinua chambo cha mfano wa trauti, samaki wa maji ya baridi, chenye mstari wa waridi ubavuni, akakigeuza dirishani, akakirudisha mezani. Akachukua cha kahawia, mfano wa kamba wa maji baridi. Akakirudisha hicho nacho.

Mke mwenza aliyetaniwa alikuwa samaki. Besi jike, mzee, mdomo kama bakuli la supu, wa Ziwa Piedra Honda kule juu kwenye vilima. Tello na rafiki yake Mas Kuramoto ndio waliompa jina la Bi Mkubwa. Walikwisha kumkamata mara mbili, na mara zote mbili walimpakata, wakamsifu, wakamrudisha majini, maana wavuvi wa besi kule ndivyo walivyo, samaki kama huyo haliwi. Baada ya mara ya pili Bi Mkubwa hakuuma tena. Alikuja, akatazama, akaenda zake. Wazee wawili wale wakazeeka wakimtongoza.

Mas alifariki kabla ya mvua za mwaka uliopita. Halafu ukuta wa ziwa ukaonekana una ufa, na wakubwa wa maji wakaamua ziwa likaushwe ukuta ujengwe upya. Tangu hapo maji yalikuwa yanapungua kidogo kidogo, na Jumatatu inayokuja mlango wa chini wa ukuta ungefunguliwa wazi. Tello alikwenda ofisini kwao kuuliza habari za samaki. Kijana wa pale akamjibu kwa adabu kwamba samaki hawamo kwenye mpango.

Basi yeye, mtu asiyepita taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu, aliazima tangi la maji, akalifunga nyuma ya pikapu, akaweka pampu ya hewa. Kaka yake Ofelia alikuwa na bwawa nyuma ya shamba lake la parachichi. Bi Mkubwa angehamia huko. Sheria inakataza kuhamisha samaki hai, na Tello alilijua hilo, na hakulizungumza. Hakuzungumza mambo mengine pia. Tangu mazishi ya Mas, Ofelia alikuwa akiishi na mtu anayekula, anayelala, na anayemtaja samaki. Hakujua kitakachobaki cha huyo mtu Jumatatu ikipita na samaki hajapatikana.

"Trauti kamchoka," Ofelia alisema. "Lori la kumwaga trauti ziwani limeacha kuja miaka mingapi? Huyo bibi kasahau hata ladha yake."

"Alikulia kwenye trauti. Hawezi kusahau."

"Na mimi nilikulia kwenye maziwa ya mbuzi. Niletee sasa uone kama nitayataka." Akafuta mikono, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa karibu na jiko. "Angalia hiki."

Kilikuwa chambo kipya. Tello alikichonga mwenyewe mwezi uliopita, akakiacha bila moyo wa kukimaliza. Ofelia alikuwa amekipaka kijani cha mgongoni, tumbo jeupe, na mstari mweusi uliokatikakatika ubavuni. Tello alikipokea, akakigeuza.

"Huyu ni mtoto wa besi."

"Ndiyo."

"Unataka nimpe mtoto wake amle?"

"Mle ziwani umeona kitu kingine kimebaki? Kila kidogo kimekufa au kimeliwa na ndege. Anakula watoto wake, mzee. Ungekuwa wewe ungekula nini?"

Tello akakibonyeza kwa kidole. "Vanishi haijakauka. Ndoana hazijafungwa."

"Ingekauka jana usiku kama ungenipisha meza."

Hakikuwekwa kisandukuni pamoja na vingine. Ofelia alikirudisha kitambaani, akakitia mfukoni mwa koti lake, akasema yeye leo anakwenda. Tello akashangaa. Boti ile ilikuwa na viti viwili, na cha mbele kilikuwa cha Mas.

"Nitakaa kwenye kisanduku kama unataka," Ofelia alisema.

"Kaa kwenye kiti," Tello akajibu.

Kwenye geti la ziwa walimkuta Renfro, askari wa hifadhi, mnene, anayependa maneno. Aliliona tangi. Akaona na pampu inavyonguruma.

"Hilo tangi la nini, Bwana Barrientos?"

"La kunyweshea miti."

"Miti ya wapi, majini?" Akamgeukia Ofelia. "Mama, leo umekuja kumlinda mumeo na yule mwanamke?"

"Nimekuja kumwona. Watu wanasema kanizidi mdomo."

Renfro alicheka, halafu akainamia dirisha na sauti ikashuka. "Mkitoka, mimi nitakuwa naangalia ndege upande ule. Huwa naangalia ndege muda mrefu sana. Basi nendeni."

Maji yalikuwa yameshuka hata mteremko wa saruji wa kushushia boti uliishia hewani, na boti yao ya bati ilibidi ivutwe juu ya matope. Pande zote miamba ilikuwa imebaki na ukanda mweupe, juu sana, mahali maji yalipokuwa yakifika zamani. Kilichobaki cha Piedra Honda kilikuwa shimo la katikati. Harufu ya samaki waliooza ilikuwa imeshika hewa, na Ofelia alijifunga kitambaa puani.

Bi Mkubwa hawakumtafuta. Hakuwa na pa kwenda tena. Tello alizima mota ya betri karibu na nguzo ya mwamba, mahali palipobaki na kina, akafunga chambo cha trauti, akarusha. Alivuta polepole, maana maji ya baridi yanataka mwendo wa kivivu, anavuta, anaacha, anavuta. Samaki wa mti alikuja akijinyonganyonga vizuri sana. Na nyuma yake, Ofelia akaona, kikaja kivuli.

Alikuwa amezoea kumsikia akisifiwa, akamtazamia awe mkubwa. Kichwa kilikuwa kikubwa kweli. Lakini nyuma ya kichwa mwili ulikuwa umenywea kama soksi iliyovuliwa, na uti wa mgongo ulionekana. Alifuata chambo mpaka ubavuni mwa boti, akasimama chini yake, akakitazama kama mtu anayesoma tangazo alilokwisha kulisoma. Akageuka, akazama.

"Mungu wangu, Tello. Anakufa njaa."

"Najua."

Akabadilisha. Kamba wa kahawia, akamburuza chini kabisa ya shimo. Samaki hakutoka. Dagaa wa fedha: alitoka, akatazama, akarudi. Cheupe chote. Cheusi chote, kwa kuwa maji yalikuwa yamechafuka na cheusi huonekana vizuri kwenye maji machafu. Kikubwa cha Mas mwenyewe, kilichowahi kumkamata mara ya pili. Hicho hakukifuata hata hatua moja.

"Sisi ndio tuliomfundisha," Tello alisema, macho hayatoki majini. "Mimi na Mas. Kila kitu kilichoweza kumdanganya tulimwonyesha, halafu tukamrudisha akakikumbuke. Mas alikuwa anasema tuna mwanafunzi mmoja tu lakini ana akili."

"Mletee chakula cha kweli basi. Mnyoo."

"Nimeleta minyoo, imo kwenye kopo. Nilikuja nayo Jumatano. Hagusi chochote chenye ndoana, mama. Anaijua ndoana yenyewe."

Mas hakuwahi kugusa mnyoo maisha yake yote; kwao wawili ilikuwa aibu. Kumsikia Tello akilitaja kopo lile bila haya kulimuuma Ofelia kuliko harufu. Akatafuta la kufanya. Chini ya kiti chake aliona wavu wa mkono wa kupokelea samaki, mpini umekunjwa, umefungwa kwa kamba.

"Nifungue wavu, uwe tayari?"

"Acha!" Tello aligeuka kwa ukali. "Wavu haufunguliwi kabla fimbo haijapinda. Unataka kutia nuksi?"

"Nuksi gani tena imebaki?"

"Acha ulivyo."

Ofelia akauacha. Ilikuwa sheria ya Mas, na kamba ile alikuwa ameifunga Mas, siku yao ya mwisho, ikiwa imelowa. Ilikuwa imekaukia pale.

Walikula tortila za mayai zilizopoa, kila mtu akitazama upande wake. Tello alikuwa amechoka kwa kurusha. Akaketi kupumzika, na Ofelia, ili tu asikae bure, akachukua fimbo ya akiba, akatoa kile chambo kipya mfukoni, akakifunga kwenye mshipi.

"Hakina ndoana," Tello alisema.

"Nataka kuona kinavyoogelea. Nimekipaka mwenyewe, nina haki."

Akakishusha kando ya boti, akakivuta mbele na nyuma kama mtoto anayevuta gari la kopo. Kiliogelea vizuri. Kilikuwa na kasoro kidogo, kikilalia ubavu mmoja kwa sababu hakikuwa na uzito wa ndoana tumboni, kama samaki mdogo aliyeumia.

Bi Mkubwa alikuja kutoka chini. Hakusimama kutazama. Alifungua ule mdomo na chambo kikawa ndani, kimekaa kimshazari, mkia unachungulia upande mmoja. Halafu akatulia pale pale, juu juu, ubavuni mwa boti, karibu kiasi cha kumgusa. Ofelia aliuhisi uzito wake kwenye fimbo. Ulikuwa mdogo kuliko alivyotarajia.

"Usivute," Tello alinong'ona. "Usivute, usivute. Hakuna cha kumshika. Mwache aamini."

"Wavu, mzee."

Tello alikuwa keshapiga magoti. Aliuchomoa wavu chini ya kiti, akaanza kufungua fundo. Kucha zake zilikwaruza kamba. Fundo lilikuwa gumu kama mbegu ya parachichi.

"Harakisha."

"Ninaharakisha."

Samaki alikitafuna chambo taratibu, akikigeuza. Jicho lake moja lilikuwa linamtazama Ofelia, la dhahabu, halina habari. Na Ofelia, bila kusogeza mkono, akatupa jicho kwa mumewe, akaona kisu. Kilikuwa kiunoni mwake, kwenye ala, mahali kinapokaa siku zote, kile cha kukatia mshipi. Kukata kamba ile ilikuwa kazi ya pumzi moja. Tello alikuwa ameinamia fundo, midomo imekazwa, anatafuta ncha ya kamba kwa kidole gumba, analegeza kitanzi kimoja, anatafuta cha pili. Anafungua kama mtu anayefungua zawadi asitake kuchana karatasi.

Angeweza kusema, kisu, Tello. Neno lilifika mdomoni. Alimwona machozi yanamdondokea kwenye kamba, na neno halikutoka.

Bi Mkubwa alifungua mdomo. Chambo kikaelea juu. Alikaa kidogo, kama anayefikiri, halafu akashuka kichwa kikitangulia, kijani, kahawia, na maji yakawa maji.

Wavu ulikuwa bado umefungwa nusu.

Kutoka hapo mpaka jua lilipoanza kuzama nyuma ya vilima Tello alifanya kila lililofanyika. Alipekecha matundu kwenye kile chambo, akafunga ndoana za pembe tatu, akarusha. Alitoa ndoana moja, akabakiza moja. Akafunga ndogo, ndogo zaidi. Wavu ukiwa wazi safari hii, mapajani mwa Ofelia. Kivuli hakikuja tena, hata kuangalia.

"Twende," Ofelia alisema mwishoni.

"Mara moja tu."

Akarusha mara moja tu, mara nyingi.

Getini Renfro alikuwa amewapa mgongo, darubini machoni, anatazama upande usio na ndege hata mmoja. Tangi liligongagonga nyuma ya pikapu, maji yake yakirukia kioo kila kona. Walipofika nyumbani Tello alifungua bomba la tangi, maji yakatiririka kwenye miti ya ndimu, kama alivyosema asubuhi. Akasimama pale mpaka yakaisha.

Ofelia alikiosha kile chambo jikoni. Vanishi haikuwa imekauka sawasawa, na pande zote mbili kilikuwa na alama za meno ya Bi Mkubwa, laini, kama mtu amepitisha msasa mara moja. Akakiweka dirishani. Hakuwa na nia ya kukipaka tena.

Jumatatu Tello hakwenda kutazama mlango ukifunguliwa. Ofelia alimkuta bandani, ameketi kwenye kreti, wavu magotini. Alikuwa anajaribu kulirudisha fundo la Mas. Alipitisha kamba huku, akaipitisha kule, akakaza, ikafunguka.

"Alikuwa anaanzia kulia," Ofelia alimwambia, ingawa hakuwa na hakika.

Tello akajaribu kuanzia kulia.

"Sivyo," akasema. Akalifungua, akaanza upya.