Wageni wa Aryemo

Mvua ilipopiga, Zuleika alisukuma kitanda hadi katikati ya nyumba, na hapo ndipo nyumba ilipoishia. Vibanda vile vya bati vya duara, ambavyo kambi nzima iliviita mama-ingia-pole kwa jinsi mlango ulivyomwinamisha mtu mzima, vilitengenezwa kwa askari mmoja asiye na mke. Chao kilibeba watu watatu, sigiri, magunia ya nguo, na paa lililotoboka kiasi kwamba mumewe, Koplo Okidi, alidai akilala chali huona nyota hata saa sita mchana.

Binti yao Aryemo alikuwa chini ya kitanda, mahali pekee pakavu, simu ya mama yake ikimmulika uso.

"Mama, wageni wamejaa kambini."

"Kambi gani?"

"Yetu. Njoo uone."

Zuleika akapiga magoti. Ulikuwa ule mchezo wa Mji wa Wanono, ambao hata mwalimu aliusifu kwa wazazi: salama kwa familia nzima, hakuna damu, hakuna matusi. Wanono walikuwa wanyama vibonge wenye mashavu ya waridi na macho kama visosi. Kila mtoto alijenga mtaa wake, na watoto wa dunia nzima waliruhusiwa kuingia kutembea. Watoto wengine walijenga majumba ya peremende. Aryemo hakuwahi kukaa karibu na peremende nyingi kiasi hicho, akajenga alichokijua. Alijenga Kambi ya Mawe Saba: geti na mti wake wa kuzuia magari, foleni ya bombani, choo kisicho na mlango, bata waliovaa bereti wakipiga saluti. Na getini walikuwa wanapita sungura, paka na vitembo, mmoja kutoka Brazili, mwingine Uturuki, wakirukaruka na kuacha mioyo myekundu hewani. Hakuna bata aliyewasimamisha.

Zuleika aliwatazama wakipita. Alijua ni mchezo, hakuwa mjinga. Lakini amri ilisomwa mbele ya wake wote wa askari: mgeni haingii kambini bila kuripotiwa. Juzi tu jirani yao Santina alitoka na godoro kichwani, kwa sababu dada yake alilala kwake bila kuandikishwa. Anayejiripoti hutukanwa, anayeripotiwa hupoteza nyumba. Hilo Zuleika alilijua kabla ya kujua kusoma. Alizaliwa kambini, baba yake alizaliwa kambini, na babu wa baba yake, Mnubi, aliletwa nchi hii na bunduki ya Mwingereza begani. Katika ukoo wao mzima hakuna aliyewahi kulala katika nyumba ambayo haikuweza kuchukuliwa kwa filimbi moja ya afande.

Mvua ilipokatika alijifunga gurbaba, lile vazi la heshima la mama zake, akamshika Aryemo mkono, akaenda kwa walinzi wa geti.

"Afande, nimekuja kuripoti wageni."

Sajenti Olal akafungua kitabu. "Ni watu ngapi?"

"Sijui, afande. Wengine ni sungura."

Sajenti alipoonyeshwa simu alicheka hadi bereti ikamdondoka. "Wewe mama! Nataka kitambulisho cha huyu paka!" Akaona utamu huo haufai kuliwa na mtu mmoja, akawapeleka kwa Kapteni Dawudi, mkuu wa stoo, mtu ambaye tumbo lake lilikuwa likifika mahali, likapigiwa saluti, ndipo yeye akafuata.

Kapteni alikuwa ameshiba samaki wa Ggaba na moyo wake ulikuwa mweupe. Akaishika simu. "Kale, sawa, na mimi niko wapi humu? Mimi ni bata gani?"

"Wewe si bata, afande," Aryemo alisema. "Wewe ni kiboko."

Sajenti akaacha kucheka. Kapteni akacheka peke yake. "Kiboko! Sawa. Na kiboko anafanya kazi gani?"

"Bonyeza hapo, afande."

Kapteni akabonyeza. Kiboko mwenye kope ndefu akatembea kwa madaha hadi stoo, akafungua mlango. Bata wakatoka mbio na mabati mapya vichwani, wakayapakia kwenye lori. Lori likatoka kwa geti la nyuma, likapanda kilima, likasimama mbele ya ghorofa kubwa la rangi ya machungwa.

"Hii nini?" Kapteni aliuliza polepole.

"Ni kwako Ntinda, afande. Nilimpelekea baba chakula wakati mlimpeleka kujenga. Ya juu sikuimaliza, mabati yaliniishia."

Maji yalikuwa bado yanadondoka nje, kwenye ukingo wa paa.

"Sajenti," Kapteni akasema, "nenda kunywa chai." Akainuka, akafunga mlango mwenyewe. "Mtoto, nani alikufundisha?"

"Hakuna, afande. Dirisha yetu inaangalia stoo."

"Mama Aryemo. Unajua hii inaitwa nini? Inaitwa kutoa siri ya kambi."

"Lakini nimekuja mwenyewe, afande." Zuleika akamvuta Aryemo karibu naye.

"Ndiyo maana nimekuacha umekaa kwa kiti." Akamrudishia Aryemo simu. "Futa."

Aryemo akafuta. Bata wakapotea, geti likapotea. Pakabaki majani mabichi na jua linalotabasamu.

"Imekwisha?"

"Yetu imekwisha, afande. Lakini wale walioipenda wana kopi yao."

"Akina nani?"

"Wageni."

"Wanakaa wapi?"

"Sijui, afande. Yule wa kwanza kuchukua ni paka."

Kapteni Dawudi akapangusa shingo kwa leso. Zuleika alimwona akiangalia ukutani, kwenye picha za wakubwa wake, na hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika. Afande mwenye hasira, Zuleika alimzoea tangu utoto. Unainamisha kichwa, hasira inapita juu yako kama ndege. Afande mwenye woga, Zuleika hakujua unamwinamia vipi.

"Simu inabaki," Kapteni akasema. "Na bwana yako ndiye mlinzi wa stoo, sivyo?"

"Afande, bambi, tafadhali..."

"Nimeuliza."

"Ndiye, afande."

Okidi alichukuliwa siku hiyo hiyo katikati ya chakula, kijiko mkononi. Stoo ilikuwa na upungufu wa mabati wa muda mrefu, na sasa upungufu umepata mwenyewe. Asingekuwa mwizi, waliomchukua waliuliza, mtoto wake angejuaje njia yote ambayo mabati yalipita? Zuleika alipopeleka sufuria ya wali mahabusu, askari waliokuwa wakimwita shemeji waliipokea wakiangalia pembeni.

Ijumaa asubuhi alisikia buti nje ya kibanda. Kapteni alikuwa amesimama kando ya dirisha lao dogo, na mbele yake Okidi, bila mkanda, nyundo mkononi, kipande cha bati jipya kikimetameta kwapani.

"Hii dirisha inaona sana," Kapteni alisema. "Wewe na mtoto mkae ndani. Ikizibwa vizuri kabisa, pengine bwana yako atalala kwake leo."

"Pengine, afande?"

"Mimi nimesema pengine."

Bati likapanda. Okidi alipigilia bila kutazama ndani, misumari imesimama midomoni mwake.

"Baba Aryemo," Zuleika alinong'ona kwenye nafasi iliyobaki, "wali ulikufikia?"

Nyundo ikasita.

"Hakuna kuongea na mahabusu," Kapteni akasema, na nyundo ikaendelea mpaka nyumba ikawa giza.

"Aryemo! Wewe ndiye mwenye macho. Iko kitu bado unaona?" Kapteni akauliza kutoka nje.

Zuleika aliinua mkono amzibe mtoto mdomo, kisha mkono ukabaki hewani; hakujua ni jibu gani lingemrudisha mumewe nyumbani. Aryemo alijua, au alidhani anajua. Alikuwa ameshachuchumaa, akipapasa ukingo wote wa bati kwa kidole, kwa makini, kama afanyavyo fundi anayetaka kazi yake ipokelewe.

"Chini huku, upande wa kulia, afande. Bado naona kiatu cha baba."

Kiatu hakikusogea kwa muda. Kisha kikapiga hatua kuja karibu, na nyundo ikaanza upande wa kulia.