Pilau ya Kumaliza Mwaka

Mwaka wa themanini na tatu, siku ya sherehe ya kumaliza mwaka wa shule, binti yangu alikula mkate mkavu kando ya bomba. Hakuwa peke yake. Watoto wetu wa mtaa wa Biryogo, wale wa Kiislamu, walikaa pale kumi na tisa, kila mmoja na nusu mkate na chupa ya Fanta, huku wenzao wakila wali na nyama ya mbuzi aliyechinjwa na mtu tusiyemjua. Hakuna aliyewafukuza. Nyama haikuwa yao, basi wakawekwa upande. Jioni Mukeshimana, nyumbani tunamwita Keshi, aliniuliza, "Mama, sisi tuko na ugonjwa?"

Mimi nina hasira, sifichi. Mume wangu Habimana, fundi cherehani, ananijua, na siku ile alisogeza kiti chake mbali kidogo akisubiri kelele. Sikupiga kelele. Swali la mtoto nililiweka moyoni nikangoja mkutano wa wazazi.

Mkutano ulikuwa Oktoba. Nilisimama mbele ya Direkta Rutayisire, mkuu wa shule, na komite nzima ya wazazi, nikasema kwamba mwisho wa mwaka huu wa shule tutapika sisi wanawake wa Biryogo. Mbuzi wachinjwe na mtu wetu, watoto wote wale sufuria moja, na kule bombani watu waende kunawa mikono tu.

Prezida wa komite alikuwa Mukandayisenga, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Alinitazama juu ya miwani.

"Chakula ya watoto mia mbili na hamsini, Mama Keshi. Mutaweza?"

"Tutaweza."

"Sawa. Lakini ikiharibika, mwaka mwingine tunarudia mambo ya zamani. Na mtu asikuje kulia hapa."

Akaandika kwenye daftari lake. Nilimwona akiandika, tena kwa wino.

Barua ya shule kwa wazazi ilifika mwezi wa tano. Siku ya kumaliza mwaka ni Alhamisi, tarehe ishirini na nane Juni. Proklamasio, yaani kusoma matokeo ya kila mtoto mbele ya wazazi, itaanza saa tatu asubuhi; chakula saa sita. Habimana alisoma, akainua macho, akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilikuwa nimeshahesabu. Ramadhani ingeanza na mwezi wa sita. Pilau yangu ilikuwa imeangukia siku ya ishirini na nane ya saumu.

"Waombe mupike mwaka ujao," alisema.

"Oya, hapana. Nikisema mwaka ujao watasikia kwamba hatuwezi."

"Sasa mutapika na njaa?"

"Na futari unayokula wewe kila mwaka, inapikwa na mtu aliyeshiba?"

Akarudi kwenye cherehani yake. Nguo za Idi zilikuwa zimejaa mpaka chini ya meza, na kubishana nami kungemchelewesha.

Tulikuwa wanawake sita. Mkubwa wetu alikuwa Bibi Maneno, mjane wa Mzee Maneno, ambaye babu yake alikuja Kigali na misafara ya biashara kutoka Tabora, na pilau tunayopika Biryogo yote inatoka jikoni kwao. Alfajiri ile, tukiwa tumeshakula daku na kuswali, tulipanda shuleni na masufuria matatu, kuni, mchele na nyama. Mbuzi walikuwa wamechinjwa jana yake, na Bibi Maneno ndiye aliyechemsha nyama kwake na kutoa supu.

Sasa lazima niseme jinsi tunavyoonja mwezi wa Ramadhani, maana balaa lote lilitoka hapo. Masheikh wanasema mpishi anaweza kugusisha chakula ncha ya ulimi na kutema. Ninajua. Lakini Bibi Maneno hataki kusikia habari ya kutema. Anasema yeye anatumia pua tangu alipoolewa. Kwetu, basi, anayeonja ni mtoto, yule ambaye bado hajafikia umri wa kufunga. Na katika mtaa mzima hapakuwa na ulimi kama wa Keshi. Tangu ana miaka mitano nilikuwa nikimwita jikoni jioni, anaonja, anasema, "Bado," au, "Iko sawa," na hajawahi kukosea. Sasa alikuwa na tisa, darasa la tatu.

Nikatia mchele kwenye supu, nikatia chumvi kwa mkono wangu, ngumi baada ya ngumi, sufuria zote tatu. Supu ilipoanza kukauka kwenye mchele, nikamwita Keshi kabla hajaenda kupanga mstari na darasa lake. Nikampa kijiko. Alinigeuzia mgongo kidogo, akapuliza, kijiko kikaenda mdomoni, kikarudi. Mashavu hayakutikisika. Hilo nilikuja kulikumbuka baadaye.

"Iko sawa, mama."

"Zote?"

"Zote."

Nikafunika, nikapalia makaa juu ya vifuniko, nikajiona mwanamke aliyeshinda.

Uwanjani Direkta alianza. Kwetu matokeo yanasomwa darasa kwa darasa, kutoka la kwanza hadi la nane, na katika kila darasa mtoto wa kwanza hadi wa mwisho, jina kwa jina, mbele ya baba, mama, shangazi na majirani. Wa kwanza anapigiwa makofi. Wa mwisho anatembea peke yake kuchukua buletini yake, ile karatasi ya matokeo, na uwanja mzima unamwangalia. Sisi kule nyuma ya madarasa tulisikia yote.

Mukandayisenga alikuja walipomaliza darasa la tatu. Alikuwa amevaa mshanana wa hariri, vazi la sherehe, na viatu vyenye kisigino, na mkononi kijiko chake mwenyewe kutoka nyumbani. Aliniomba nifunue. Alichota, akala. Kisha akaomba maji.

Wakati huohuo Keshi akatokea kwenye pembe ya darasa anakimbia, buletini juu. "Mama! Nimekuwa wa saba!"

Sikuitazama ile karatasi. Nilikuwa namtazama Mukandayisenga anavyokunywa kikombe kizima bila kupumua.

"Mama Keshi," akasema taratibu, "hii chakula iko na chumvi mingi sana. Nani alionja?"

Wanawake wote wakamgeukia mtoto. Ndipo nilipoiona midomo yake, mikavu, na nyeupe pembeni.

"Keshi. Ulionja?"

Akaangalia chini. "Niko nafunga, mama. Nilitaka nifunge siku moja tu kabla ya Idi, kama nyinyi. Nilishikisha kijiko kwa mdomo."

Nilitaka kumpiga kofi, nasema kweli. Na papo hapo nilitaka kumkumbatia, na sikuwa na muda wa lolote kati ya hayo mawili. Nilichukua kijiko, nikagusisha ulimi, nikatema mbele ya Bibi Maneno, na mwache anione. Chumvi ilinichoma mpaka kooni.

"Mimi nilitia kiasi," nikasema.

Bibi Maneno akakaa juu ya gogo la kuni polepole. "Supu niliitia chumvi jana usiku," akasema. "Supu yangu siku zote ninaitia chumvi. Nilidhani unajua, mwanangu."

Basi ilikuwa imetiwa mara mbili, na wapishi sita na mwonjaji mmoja, wote vinywa vimefungwa.

Uwanjani Direkta alikuwa darasa la nne, jina la kumi. Nikahesabu. Yalibaki madarasa manne na nusu, watoto thelathini na kitu kila darasa. Kama saa moja na nusu. Kule karibu na bomba, wanaume walikuwa wameshaanza kupanga mabenchi ya wageni, na nikamwona Keshi anayaangalia. Nikasema moyoni, hapana. Huyu mtoto hatarudi pale.

"Mchele," nikawaambia wenzangu. "Tupike mwingine mweupe, bila chumvi hata chembe, tuuchanganye. Kila mtu alete aliouweka kwa Idi."

Mchele wa Idi ulikuwa ghali mwaka ule, na kila mmoja alikuwa ameutafuta tangu Shaabani.

"Mimi ninaleta wangu," nikasema, nikaanza kushuka.

Sikugeuka nyuma kuangalia nani anafuata. Nilizisikia ndala zao tu. Nyumbani Habimana aliniona natoka na mfuko kichwani, mguu wake ukasimama juu ya pedeli.

"Huo si mchele wa Idi?"

"Ndio huo."

"Na Idi tutakula nini?"

"Idi bado siku mbili. Direkta yuko darasa la tano."

Aliinuka, akanipandishia mfuko mpaka getini kwa shule, akiwa na sindano bado kwenye mdomo.

Tuliporudi, Mukandayisenga alikuwa amevua viatu. Alikuwa amekuta sufuria kubwa ya chai ya walimu inachemka, akamwaga majani, akaisuuza, akaijaza maji mapya, na sasa alikuwa amepiga magoti ndani ya mshanana wake wa hariri anapuliza moto. Moshi ulikuwa unamtoa machozi.

"Direkta atauliza chai yake," nikasema.

"Atauliza mimi." Akafuta miwani. "Nilimwambia asome polepole. Asisome namba tu. Asome na pointi, na usafi, na adabu ya kila mtoto."

Na kweli, kule uwanjani sauti ya Direkta ilikuwa imebadilika. Alikuwa anasoma hesabu za mtu, Kifaransa cha mtu, kucha za mtu. Wazazi wa darasa la sita walikuwa wameanza kunung'unika, maana mambo ya kucha kwa kawaida hubaki ndani ya buletini.

Tulipika ule mchele mweupe kwa awamu mbili. Tulitoboa pilau, tukapanga tabaka moja moja, tukachemsha na viazi ambavyo Mukandayisenga alimtuma mtu kuvileta kutoka kwake. Kila tukichanganya, tulimpelekea yeye. Alikaa kwenye kigoda katikati yetu, wanawake sita waliokaukiwa midomo, na kila kijiko kilikwenda kwake. Alikuwa anafumba macho anapoonja. "Bado," alisema. Tukaongeza. "Bado." Darasa la saba likaisha. Bibi Maneno alikuwa anasoma dua kimyakimya. Nilipopeleka kijiko cha mwisho, uwanjani walikuwa wanampigia makofi mtoto wa kwanza wa darasa la nane.

Mukandayisenga alitafuna muda mrefu. Kisha akaniangalia machoni.

"Iko sawa," akasema.

Watoto mia mbili na hamsini walikaa kwenye nyasi kwa miduara, wa Biryogo na wa Gikondo na wa Nyamirambo juu, kama walivyoangukia. Tulipakua kutoka masufuria yaleyale kwa vijiko vilevile. Nilizunguka na sinia mpaka nikamwona Keshi. Alikuwa katikati ya darasa lake, amebanwa kulia na kushoto, sahani kwenye mapaja, hajaigusa. Mwenzake, mtoto wa Rutayisire mwenyewe, alimuuliza kwa nini hali. "Mimi nafunga," alimjibu, kichwa juu, akamsogezea nyama yake. Mwaka uliopita alikaa pembeni kwa sababu wengine walipanga hivyo. Sasa alikuwa amekaa katikati na njaa yake aliyoichagua mwenyewe. Nililia pale na sinia kichwani, na nikasema ni moshi.

Jioni nilikuwa nimeketi barazani na buletini ya Keshi, naisoma kwa mara ya kwanza. Wa saba kati ya thelathini na wawili. Adabu: nzuri sana. Nilisoma hapo mara mbili, nikamwangalia, naye akaangalia pengine. Kabla adhana haijalia, Mukandayisenga aliingia uani kwetu. Hakuwahi kufika Biryogo kwa miguu yake. Alikuwa amebeba bakuli limefungwa kwa kitambaa.

"Kuna mtoto moja hakukula," akasema. "Niliwekea yeye yake."

Nikamkaribisha mkekani. Adhana ikalia, Keshi akala tende, akanywa maji, akafungua bakuli. Sote tulikuwa tunamtazama: mimi, baba yake, Bibi Maneno, na prezida wa komite akiwa na kikombe cha chai. Mtoto alitia tonge mdomoni. Safari hii alitafuna vizuri. Alimeza, akafikiri.

"Mama," akasema, "chumvi bado iko nyingi."

Nikamgeukia Mukandayisenga. Alikuwa anakoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Nilijua," akasema. "Watoto walikuwa na njaa." Akanywa kidogo, akaweka kikombe chini. "Nilihesabu kwa kalendari. Mwaka ujao, mwisho wa Juni, Ramadhani itakuwa imeisha. Mutaonja nyinyi wenyewe."