Kiini Ndani ya Ndoo

Harufu ilitoka kwenye kabati la maabara, lakini kila aliyeingia darasani alidhani ni ya mwenzake. Watu wakaanza kukaguana viatu. Mwalimu wa biolojia, mtu wa mafua yasiyokwisha, hakunusa lolote. Alisimama mbele akisugua viganja kwa furaha.

Leo marudio ya somo la seli yangefanywa kwa miguu. Alikuwa ameficha vidokezo chumba kizima, kila kimoja kikieleza sehemu ya seli na kukupeleka kwenye kingine. "Atakayeniletea kiini," alisema, "ndiye nitakayempa ile nafasi moja ya mafunzo ya likizo kule zahanati."

Binti waliyembandika jina la Kinyaa akakaa wima. Nafasi hiyo aliitaka kuliko chakula, na chakula chenyewe nzi akitua tu, basi, amesusa. Muuguzi mkuu wa zahanati hiyo alikuwa shangazi yake. Juzijuzi alimwita amshikie beseni akisafisha kidonda cha mguu wa mgonjwa. Binti akabwaga beseni, huyo, mbio mpaka nje. "Nakupenda, mwanangu," shangazi alimwambia, "lakini kwa kinyaa hicho zahanati usinitajie tena. Labda siku moja unionyeshe kwamba unaweza."

Wakatawanyika. Mlinzi anayechagua nani apite? Utando wa seli. Kinyaa akakimbilia kizingiti cha mlango. Mtambo wa nishati? Mitokondria, akaenda kwenye swichi ya taa. Mla taka? Laisosomu, yaani pipa la taka. Humo, chini ya maganda ya ndizi na kitambaa cha pua cha mtu asiye na haya, kefule! akaokota kwa ncha za kucha karatasi iliyosema: "Bwana mkubwa yumo ndani ya ndoo, kabatini."

Mzee wa Pointi, kijana aliyejua kila jibu na kutaka kila mtu ajue kwamba anajua, alishamtangulia. Akafungua kabati, akafunua ndoo, akarudi kinyumenyume mpaka akagonga meza.

"Mama yangu! Mwalimu, humu kuna maiti!"

Maiti wapi! Ilikuwa seli. Mwalimu aliitengeneza kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula: wanga mzito uliopikwa, maharage yakiwa mitokondria, na ute wa mayai mabichi ili mambo yateleze vizuri. Kiini kilikuwa gololi kubwa nyekundu, chini kabisa. Kisha akaifungia kabatini, joto lote lile, akaenda zake kupumzika. Sasa ilikuwa imeota manyoya ya kijani, inatoa mapovu, na pembeni funza walikuwa wanafanya sherehe yao.

"Hiyo nafasi mpeni mwingine," alisema Mzee wa Pointi, uso ndani ya shati. Wengine wakaziba pua na kumgeukia Kinyaa. Walishaanza kucheka hata kabla hajakimbia.

Na kukimbia alitaka, haki ya Mungu alitaka. Badala yake akakunja mkono wa shati hadi begani, akafumba macho, akazamisha mkono. Utando wa juu ukapasuka, uvundo ukafumka, ute ukampita kiwiko, maharage yakapondeka vidoleni, na kitu kidogo kikamtambaa kwapani. Akh! Hapo akatapika, yote, juu ya viatu vya Mzee wa Pointi. Akatapika tena. Darasa likapiga kelele, mwalimu akaita maji, na yeye bado anapapasa ndani ya ndoo.

Jioni alipofika zahanati, shangazi alimnusa kabla hajamwona. Binti akaiweka gololi mezani, akasimulia yote bila kuficha kitu.

"Kwa hiyo ulitapika," shangazi akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Ulipokwisha kuitoa?"

"Hapana. Nilipokuwa naitafuta."

"Na mkono?"

"Ulikuwa ndani."

Shangazi akaisogeza ile gololi kando.

"Hata mimi kile kidonda cha siku ile kilinitapisha," alisema. "Nilimaliza kukifunga kwanza, ndipo nikaenda nyuma ya jengo. Wewe ulishakimbia, hukuniona." Akachukua aproni iliyoning'inia mlangoni. "Kaoge tena, unanuka. Kisha uje uijaribu hii."